Hulia Lini? Klachi ya Pikipiki na Lugha ya Kuutambua Mlio Wake

Wahenga wanatwambia kwamba debe shinda haliachi kutika. Shuleni tulifundishwa kuwa methali hii humsuta mtu mwenye maarifa haba na maneno mengi, na mafunzo hayo hayana kasoro. Hata hivyo, kabla ya kuwa sitiari ya wanadamu, kauli hiyo ilikuwa maelezo ya kweli kuhusu debe lenyewe. Debe lililojaa pomoni likibebwa hutulia. Debe lisilo na kitu nalo hutulia, maana halina cha kutika. Litikalo ni lile lenye kitu na lenye nafasi, kwa kuwa maji yamepata mahali pa kukimbilia na ukuta wa kuugonga. Waama, hii ni nadharia fupi ya kelele za mitambo: sehemu kubwa ya milio inayowatia hofu wenye magari na pikipiki hutokana na vyuma viwili vilivyopata nafasi kati yao kuliko ile viliyopangiwa.

Makala haya yanalihusu debe shinda moja, nalo ni klachi ya pikipiki ya kaka yangu, nyumbani kwetu Kulamawe. Yanaeleza jinsi mlio wake ulivyochunguzwa uani bila kufungua kifuniko cha injini, na kwa nini mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nimeona kwamba kisa cha kimakanika kinastahili kuingia katika jarida la chama chetu.

Kulamawe iko mashariki ya mji wa Isiolo, kwenye njia inayoelekea Modogashe na hatimaye Wajir. Wengi wa wakazi wake ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Kiborana ni lugha ya nyumbani na ya malishoni. Kiswahili ni lugha ya shule, ya duka na ya barabara. Lakini jina la mahali hapo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiswahili kitupu, kula na mawe. Mgeni alisikiapo hucheka. Sisi wenyeji tunajua ni nani mla mawe wa siku hizi: ni gurudumu la pikipiki.

Bodaboda, kama tujuavyo, ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia, katika miaka ya 1960, na jina lake linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye. Mwaka wa 2008, serikali ya Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250, na muda si muda vyombo hivyo vikaenea hadi mahali ambapo basi halikuwahi kugeuzia. Kwetu, pikipiki hubeba unga, madumu ya maji, dawa za mifugo na mwanafunzi aliyechelewa. Vilevile, usiku wa manane, ndiyo humbeba mama mwenye uchungu wa kujifungua.

Kaka yangu aliinunua yake kwa mkopo wa kulipwa kidogo kidogo. Katika mapato yake hutoka unga wa nyumbani, hutoka malipo ya mkopo, na hutoka sehemu ya karo yangu ya chuo kikuu. Niliporudi likizo ndefu, nilimkuta ameketi kivulini mchana wa siku ya soko, pikipiki imeegemea ukuta. Haikuwa kawaida yake. Aliniambia kwamba klachi inalia. Fundi wa kwanza, baada ya kusikiliza kwa muda usiofika dakika moja, alisema klachi yote ibadilishwe. Wa pili alisema injini ifunguliwe kwanza, kisha ndipo atakapotaja bei. Gharama ya yule wa kwanza pekee ilizidi mapato ya mwezi mzima.

Juu ya fedha kulikuwa na jambo jingine. Jirani yetu alikuwa katika mwezi wake wa mwisho wa ujauzito, na mumewe alikuwa amekwisha kumwomba kaka awe tayari saa yoyote. "Mdogo wangu," kaka aliniambia, "nikimpakia mama huyo, na klachi ikanikatalia njiani usiku, nitamwambia nini mumewe?" Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nilichokuwa nacho ni swali jingine, nami nikamuuliza: inalia vipi?

"Inapiga kelele," akajibu.

"Kelele gani?"

"Kelele mbaya."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoikumbuka mada ambayo wengi wetu tuliisoma katika darasa la msingi kwa ajili ya mtihani, tukaisahau siku ya pili yake. Nazungumzia tanakali za sauti. Tulikariri kwamba mtu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu na sakafuni pa. Wanaisimu wamezipa tanakali heshima yake tangu zamani. Mwaka wa 1935, Clement Doke alizitambua kuwa aina ya neno inayojitegemea katika lugha za Kibantu. Lakini katika orodha zetu za shuleni, dunia ni ya maji, matope, mchanga na sakafu. Hamna tanakali ya chuma kinachogonga chuma ndani ya oili ya moto. Mwanafunzi akihitimu, anaweza kueleza jinsi jiwe linavyotumbukia kisimani, asiweze kumweleza fundi mlio wa chombo kinachomlisha.

Basi tukaanza kuziunda. Kaka aliwasha injini, nami nikamwomba aigize sauti kwa mdomo wake. Akasema: kata-kata-kata-kata. Nikamuuliza kama ni mlio mkavu au mzito. Akasema ni mkavu, kama punje za mahindi zikitikiswa ndani ya mkebe. Je, kuna kwiii yoyote, ule mlio mwembamba wa kukwaruza? Hakuna. Kuna nguru-nguru ya chini, kama jiwe la kusagia? Hakuna. Tulikuwa tumepiga hatua: kutoka kelele mbaya hadi kata-kata kavu, isiyo na kwiii wala nguru-nguru.

Wakati huo baba alikuwa ameketi karibu, akitusikiliza. Baba ni mfugaji. Hajawahi kuendesha pikipiki, wala hana haja nayo. Lakini maisha yake yote amefanya kazi kwa masikio. Ngamia wetu huvishwa shingoni kengele iliyochongwa kwa mti, na baba, akiwa amelala, huweza kutambua kwa mdundo wa kengele hiyo kama mnyama anakula, anatembea au ameshtuka. Aliuliza kwa Kiborana, nami naitafsiri kauli yake: "Hulia lini?"

Hatukumwelewa mara moja, naye akaeleza. Ndama akikohoa, mtu hawezi kujua ugonjwa kwa kusikia kikohozi tu. Lazima aulize: hukohoa akinywa maji? Akikimbia? Akilala? Au hukohoa wakati wote? Kikohozi chaweza kuwa kimoja, lakini nyakati zake ndizo zinazotenga maradhi haya na yale.

Nami sasa nasema kwamba hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa na kila aliyeisikiliza pikipiki ile kabla ya kutaja bei. Ili tuone sababu yake, yafaa tueleze klachi ni kitu gani.

Katika pikipiki nyingi tuzionazo barabarani, klachi imo ndani ya kifuniko cha upande wa kulia wa injini, nayo huogelea katika oili ileile inayoilainisha injini. Kuna kikapu cha chuma chenye mianya pembeni. Ndani yake zimepangwa sahani za aina mbili kwa zamu: moja yenye utando wa kukwaruza, nyingine ya chuma kitupu. Kikapu huzungushwa na injini. Kitovu kilicho katikati huizungusha gia. Springi, ambazo aghalabu ni nne au zaidi, huzikandamiza sahani zikashikana, nguvu ya injini ikafika kwenye gurudumu. Dereva akiubana mkono wa klachi, waya huvutwa, springi husukumwa nyuma, sahani huachana, na gurudumu hutengana na injini. Kila moja ya sehemu hizi hufanya kazi kwa wakati wake. Kwa hiyo, wakati wa mlio huitaja sehemu inayolia.

Mathalani, mlio ukitokea pale tu mkono wa klachi unapobanwa, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kuachilia klachi, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo wakati huo. Mlio ukisikika pikipiki ikiwa nyutro na mkono umeachiliwa, kisha ukatoweka mkono unapobanwa, mshukiwa ni kikapu kilicholegea au beringi ya mhimili wa gia. Mlio wa kukwaruza au mtetemo wakati wa kuondoka huelekeza kwenye sahani zilizochomeka, kikapu kilichochimbika kwenye mianya yake, au oili isiyofaa. Na mlio usiobadilika hata chembe, mkono ukibanwa au ukiachiliwa, huenda si wa klachi kabisa. Unaweza kuwa wa cheni ya ndani ya injini, wa vali, au wa bati la ekzosi lililolegea. Vilevile, injini ikinguruma ilhali mwendo hauongezeki, klachi inateleza, hata kama haitoi sauti yoyote.

Tuliamua kufanya uchunguzi alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mchana wa Kulamawe una upepo unaozima kila sauti ndogo. Pikipiki ilisimamishwa uani, mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wa injini ni sumu mahali palipofungwa. Shuka na nguo zilizolegea ziliwekwa mbali na cheni. Jambo la kwanza halikuhitaji hata kuwasha injini: tuliupima mkono wa klachi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono huo inapaswa kusogea milimita 10 hadi 20 hivi kabla waya haujaanza kukaza. Waya ukikazwa mno, klachi haishiki sawasawa na beringi ya kuachilia hufanya kazi bila kupumzika. Wa kaka ulikuwa sawa. Mshukiwa mmoja akaachiliwa.

Kisha injini ikawashwa ikiwa baridi. Mlio ulikuwapo, lakini hafifu. Oili baridi ni nzito, na uzito wake hufunika nafasi kati ya vyuma. Baada ya dakika kumi injini ilipata moto, na kata-kata ikadhihirika. Kaka akaubana mkono wa klachi. Kimya. Akauachilia. Kata-kata-kata. Alirudia mara tano, na mara zote tano jibu lilikuwa lilelile.

Baba akainuka na fimbo yake ya kuchungia. Aliweka ncha moja kwenye kifuniko cha kulia cha injini na ya pili akaigusisha na mfupa wa mbele ya sikio. Akasikiliza, kisha akahamia upande wa kushoto. Akarudi kulia, akaitikia kwa kichwa. Nilipoisimulia hadithi hii chuoni, rafiki yangu asomaye udaktari alinikumbusha kwamba mwaka wa 1816, huko Ufaransa, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, na baadaye akatengeneza chombo hicho kwa mti. Mti husafirisha sauti vizuri na kuitenga na kelele za pembeni. Mafundi wengi hutumia bisibisi ndefu kwa namna hiyohiyo.

Lilibaki jaribio moja. Kaka aliuzungusha mkono wa mafuta polepole. Injini ilipoongeza kasi kidogo tu, kata-kata ilififia ikapotea, wala haikurudi injini ilipozidishiwa kasi. Beringi iliyochakaa ingeendelea kulia, na pengine kuzidi, kadiri kasi inavyopanda. Mlio huu ulifanya kinyume.

Sasa tulikuwa na sentensi kamili, nami naiandika hapa kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya: *Hulia injini ikiwa ya moto na kasi ikiwa ya chini, hunyamaza mkono wa klachi ukibanwa, hunyamaza pia injini ikiongezwa kasi.* Itazame sentensi hiyo kwa jicho la mwanasarufi. Kiambishi hu- kinatoa hali ya mazoea: jambo hili limejaribiwa mara nyingi na halibadiliki. Kiambishi -ki- kinafunga kila tokeo kwa sharti lake. Viambishi ambavyo tulivichambua darasani kwa uchovu ndivyo vilivyotenganisha gharama ya mwezi mzima na gharama ya asubuhi moja. Mtu asemaye "inalia" ametoa malalamiko. Asemaye "hulia ikiachiliwa" ametoa ushahidi.

Ushahidi huo ulitufikisha wapi? Injini ya silinda moja, katika pikipiki za namna hii, huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Kati ya mwako mmoja na mwingine, mzunguko hupunguza nguvu, kisha husukumwa ghafla. Kasi ikiwa ya chini mno, misukumo hiyo huachana sana, na meno ya gia inayokizungusha kikapu hugonga mbele na nyuma. Pikipiki nyingi ndogo hupangiwa mizunguko ipatayo 1,400 kwa dakika injini inapotulia. Kaka, kama walivyo madereva wengi wenye kuhesabu kila tone la petroli, alikuwa ameipunguza kasi hiyo kwa skrubu ya kabureta mpaka injini ikawa karibu kuzima. Isitoshe, tulipochomoa kijiti cha kupimia oili, tuliona oili imeshuka chini ya alama na imekuwa nyeusi na nyepesi kama chai isiyo na maziwa.

Oili ikamwagwa, ikatiwa mpya. Tulihakikisha kwamba ni oili ya pikipiki yenye herufi MA za kiwango cha Kijapani kiitwacho JASO. Hili si jambo la anasa. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, ilhali klachi iogeleayo katika oili huishi kwa msuguano. Ukiupunguza, sahani huanza kuteleza. Kisha skrubu ya kabureta ikageuzwa kidogo kidogo hadi injini ikatulia kwa mdundo ulio sawa. Kata-kata ilipungua ikabaki mnong'ono wa kusikika kwa fimbo tu.

Mnong'ono huo haukupuuzwa. Kikapu kilikuwa na ulegevu kidogo, na ulegevu haurudi nyuma kwa oili mpya. Kaka alikwenda mjini kwa fundi wa tatu, na mara hii hakusema klachi inalia. Alimpa ile sentensi yetu. Fundi yule aliacha spana chini, akamtaka airudie, kisha akaomba kusikia mwenyewe mkono ukibanwa na kuachiliwa. Alikubaliana nasi kwamba hakuna haja ya kubadilisha klachi kwa sasa, akamwagiza arudi mlio ukianza kusikika katika kasi ya juu, au pikipiki ikianza kuteleza mlimani. Alimtoza ada ndogo ya kusikiliza, ambayo kaka aliilipa kwa furaha.

Wiki mbili baadaye, saa nane za usiku, mumewe jirani alibisha mlangoni. Kaka aliwasha pikipiki, akaiacha ipate moto kwa muda mfupi, akaubana na kuuachilia mkono wa klachi huku ameinamisha kichwa. Kisha akaondoka na mama yule pamoja na mkunga aliyemshikilia, taratibu, hadi kituo cha afya. Alirejea alfajiri na habari njema ya mtoto wa kike. Nilipomuuliza kama alikuwa na hofu njiani, alisema kwamba hofu ya mama alikuwa nayo, ya klachi hakuwa nayo, kwani alijua anachokisikia.

Nahitimisha kwa ombi kwa wanachama wenzangu. Kila likizo tunatawanyika hadi Mombasa, Kakamega, Garissa, Isiolo na kwingineko, na kila mahali kuna gereji chini ya mti. Humo mna mafundi waliojiundia tanakali za beringi, za cheni, za vali na za sahani zilizochomeka, na wanaelewana kwazo kila siku. Hazimo katika orodha tulizokariri. Tuzikusanye kwa daftari na kalamu, tukiandika kila tanakali pamoja na sharti lake: husikika lini, ikibanwa au ikiachiliwa, ikiwa baridi au ya moto. Kaka yangu amekwisha kuanza lake. Ukurasa wa kwanza una tarehe, kiasi cha oili, na mstari mmoja: mnong'ono, kulia, ikiwa ya moto; haujazidi.